Hotuba juu ya Utoko wa Wanawake
(Iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetutaka tuseme juu ya jambo ambalo kwa desturi halisemwi wanaume na wanawake wakiwa wameketi pamoja. Twawaomba wazee radhi. Lakini mwaka huu jambo hilo lililetwa mezani petu kama shauri, nasi tuliliamua vibaya kwa kutojua.

Kila mwanamke aliyevunja ungo hutokwa na utoko, wala si maradhi. Huwa mweupe au usio na rangi, hauna harufu mbaya, wala hauwashi. Siku za katikati, yai lipevukapo, huwa wa kuvutika kama ute wa yai bichi. Kisha huwa mzito. Mwenye mimba huuona mwingi zaidi. Ndani ya uke hukaa vijidudu vyema, alivyovieleza daktari Mjerumani Albert Döderlein mwaka 1892, navyo hutengeneza ukali kama ule wa maziwa yaliyochacha, uzuiao vijidudu vibaya. Basi ajioshaye ndani kwa sabuni au majani awafukuza askari wa nyumba yake mwenyewe. Kujiosha nje kwa maji safi kwatosha.

Utoko wa mabonge meupe kama maziwa mgando, wenye kuwasha sana, mara nyingi ni kuvu. Ulio mwepesi wa kijivujivu, wenye harufu ya samaki, huonyesha kwamba vijidudu vyema vimepungua na vingine vimezidi. Wa manjano au kijani, wenye povu, waelekea kuwa trikomona, iambukizwayo kwa kujamiiana. Hapo mume hana budi kutibiwa pamoja na mkewe, hata kama hasikii lolote. Kisonono chaweza kuleta usaha, au kisilete dalili yoyote. Lakini macho peke yake hukosea. Kazi hiyo ni ya hospitali na darubini. Maumivu chini ya tumbo pamoja na homa yapelekwe siku ile ile. Damu baada ya kujamiiana, au baada ya hedhi kukoma uzeeni, nayo isifichwe, kwani huenda ikawa saratani ya shingo ya kizazi. Chanjo ya kuikinga ilianza kutolewa Kenya kwa wasichana wa miaka 10 mwezi wa Oktoba 2019. Wenye mabinti msiiache.

Sasa shauri lenyewe. Bibi mmoja alitibiwa kifua kwa dawa za kuua vijidudu. Juma la pili akapata mwasho na utoko wa mabonge. Mumewe akasema huo ni ugonjwa wa zinaa, akamrudisha kwao. Sisi tulimsikiliza mume tu, tukaandika daftarini kwamba mke ana kosa. Mama mmoja wa chama, ambaye hakutuomba ruhusa, ndiye aliyempeleka hospitali. Alipopimwa ilionekana ni kuvu. Dawa zile za kifua zilikuwa zimeua vijidudu vyema pia, kuvu ikapata nafasi. Hata msichana asiyemjua mwanamume aweza kupatwa nayo.

Maneno yale tumeyafuta daftarini. Wajumbe wawili walikwenda kwa baba yake na barua ya kuomba radhi. Mzee aliisoma, akaikunja, asiseme neno. Mume amekuja ofisini mara mbili kuuliza habari. Mpaka leo bibi hajarudi, wala hatumhimizi. Nauli yake tumeiweka akiba, nayo imo katika hesabu za mwaka, ukurasa wa mwisho.