Tujifunze Hata kwa Mbio Tusizoshinda

(Hotuba kwa mkutano wa kamati za maendeleo za parokia na wafadhili)





Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa wanariadha. Nasi leo tunamchukua mwanariadha wa zama zetu, Eliud Kipchoge wa Kenya. Si kwa ushindi wake, bali kwa siku aliyoshindwa.

Tarehe 4 Oktoba 2020 Kipchoge alikimbia marathoni ya London. Alikuwa ameshinda marathoni 10 mfululizo, na wengi walitarajia ya 11. Siku hiyo kulikuwa na baridi na mvua. Katika kilomita za mwisho kundi la mbele lilimwacha, akamaliza wa 8 kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 49. Mshindi, Shura Kitata wa Ethiopia, alimtangulia kwa dakika 1 na sekunde 8.

Kipchoge hakuyakwepa maswali. Alieleza kuwa sikio la kulia liliziba na misuli ikambana, akakubali matokeo. Kisha akarudi mazoezini chini ya kocha wake, Patrick Sang, na kwenye madaftari ambamo amekuwa akiandika mazoezi yake tangu mwaka 2003. Tarehe 8 Agosti 2021, huko Sapporo, Japani, alitwaa dhahabu ya Olimpiki akimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika moja.

Ndugu zangu, nafasi ya 8 peke yake haimfundishi mkimbiaji kitu. Kinachomfundisha ni muda wa kila kilomita 5. Je, alianza kwa kasi mno? Alianza kupungua kilomita ya 20 au ya 35? Alikunywa maji lini? Mwenye kumbukumbu hizo anajua pa kurekebisha. Asiye nazo hubaki kulaumu viatu, mvua au kocha.

Miradi yetu nayo ni mbio ndefu. Ripoti ya mwisho wa mwaka ikisema tu, "Mradi wa kuku haukufanikiwa," hakuna tunachojifunza. Lakini daftari la kila mwezi likionyesha kuwa kuku walianza kufa baada ya chanjo ya mdondo kupita miezi 3 bila kurudiwa, kikundi kinajua la kufanya msimu ujao. Vivyo hivyo kwa kisima: tujue ni mwezi gani michango ya maji ilianza kushuka, kabla pampu haijasimama.

Wapo wanakamati wanaoogopa kuandika robo mwaka iliyokuwa mbaya, kwa kuwa mfadhili ataisoma. Hofu hiyo tunaielewa, maana nyuma ya kila mradi kuna familia zinazoutegemea. Lakini robo moja ikifichwa, upungufu unaendelea hadi mradi unaanguka, na hapo familia hizo hizo ndizo zinazoumia.

Kwa hiyo tunaziomba kamati ziandike kila mwezi, uwe mzuri au mbaya. Nanyi wafadhili, mkiona namba imeshuka na sababu yake imeelezwa, ulizeni kwanza ni nini kitakachobadilishwa, kabla ya kuamua kusitisha msaada. Mkiwaadhibu wanaosema kweli, mwaka ujao mtaletewa ripoti nzuri zisizo na ukweli.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mungu awabariki.