Wagika, Wagalu na Simu ya Mkononi

Pamba ikishavunwa na kupelekwa kwenye mizani ya chama cha msingi, mkoa wa Simiyu huingia msimu mwingine. Kuanzia Bariadi hadi Itilima, Maswa, Meatu na Busega, vijana hufunga njuga na kwenda uwanjani. Kwa desturi, makundi mawili huanza kucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na hakuna mwamuzi anayeandika alama. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao: upande utakaozingirwa na umati mkubwa zaidi ndio umeshinda.

Msikilizaji, huo ndio ushindani wa Wagika na Wagalu. Masimulizi ya Wasukuma yanaurudisha hadi karne ya 19, kwa mahasimu wawili waliojua sana ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Tangu hapo kila manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, amekuwa na shida moja: mbinu iliyovuta watu msimu uliopita, mwenzake wa upande wa pili ameshaiona. Lazima aje na jipya. Bagoyangi, wachezaji wa nyoka, wakaingia uwanjani na chatu. Wa bugobogobo, ngoma ya jembe, wakarusha majembe hewani na kuyadaka bila kukosa mdundo.

Ndiyo maana teknolojia mpya ilipofika Usukumani, haikuwakuta wasanii hawa wakiwa wamelala. Kushindania macho ya watu ni kazi waliyokuwa nayo kabla YouTube haijaanzishwa mwaka 2005.

Wala mageuzi hayo ya teknolojia hayakuwa ya kwanza kwao. Beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi za wakoloni, ilisambazwa na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hadi bara, na makundi ya ngoma yakaokota humo sare, vyeo na gwaride. Baadaye likaja plau la kukokotwa na ng'ombe. Bugobogobo ilikuwa ngoma ya kazi: vijana walilima kwa safu wakifuata ngoma, na mwenye shamba akawalipa au kuwalisha. Plau likaichukua kazi, lakini ngoma ikabaki. Ilipanda jukwaani, ikaingia kwenye sherehe za kitaifa na mashindano ya shule, na leo inachezwa na watu ambao hawajawahi kulima ekari moja ya pamba.

Redio ilikuwa mlango mgumu zaidi. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kwa miongo mingi baada ya uhuru Watanzania wa bara walikuwa na redio moja tu, ya serikali. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua njia kwa vituo binafsi, na leo hata Maswa ina redio yake, Sibuka FM. Hata hivyo, leseni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Wimbo wa Kisukuma unaweza kupenyezwa katikati ya kipindi. Kipindi kizima cha Kisukuma hakina nafasi.

Basi nyimbo zikapita njia ya vichochoroni. Kwanza ilikuwa kaseti, kisha CD, kisha memori kadi. Sokoni na stendi kuna kijana mwenye kompyuta na spika, anayekuingizia nyimbo kwa malipo kidogo. Mchungaji wa ng'ombe mwenye kitochi, sola ndogo ya kuchajia na kadi iliyojaa nyimbo anakuwa na redio yake mwenyewe, isiyohitaji bando wala mtangazaji.

Halafu ikaja video. Msanii kama Bhudagala Mwanamalonja anajulikana mbali sana na alikozaliwa, naye si peke yake. Ukitazama video hizi utaona jinsi uwanja wa zamani ulivyohamia kwenye kioo: wachezaji kwa safu, sare zinazong'aa, manju mbele, kinanda cha studio kikishika nafasi ya ngoma tatu. Mara nyingi namba ya simu hupita chini ya picha, ili mwenye harusi ajue pa kumpata msanii. Wimbo ndio tangazo. Pato lenyewe liko kwenye mwaliko.

Na hadhira haiko Simiyu pekee, mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 2. Wasukuma wamehama na mifugo yao hadi Katavi, Rukwa, Morogoro na Lindi. Kwa familia iliyo Mpanda au Kilosa, simu ndiyo inayoleta wimbo wa nyumbani wiki hiyohiyo unapotoka.

Ila kuna hesabu isiyokaa sawa. Uwanjani, manju aliyevuta umati alijulikana, na sifa ilirudi kwake. Mtandaoni, video nyingi huwekwa kwenye chaneli ya studio iliyorekodi, na anayehesabiwa watazamaji ni mwenye chaneli. Kwenye memori kadi mtunzi hapati hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, husajili kazi za wasanii, lakini manju wa kijijini Meatu hana sababu ya kuijua ofisi iliyo mbali naye.

Hapo viongozi wa mkoa wana la kufanya. Simiyu imeshaonyesha kwamba inajua kukusanya watu. Viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, vilipokea maonyesho ya kitaifa ya wakulima, Nanenane, kwa miaka kadhaa kuanzia 2018, na Simiyu Jambo Festival imewakutanisha waendesha baiskeli na wachezaji wa Wagika na Wagalu. Siku kama hizo, meza moja ya usajili wa kazi za sanaa kando ya uwanja, yenye mtu anayeongea Kisukuma na kumwonyesha manju namna ya kufungua chaneli kwa jina lake na kusoma mkataba wa studio kabla ya kutia dole gumba, ingegharimu kidogo kuliko turubai la wageni rasmi.