Hotuba ya Mwenyekiti: Habari ya Kadi



Hisa na mikopo mweka hazina atazisema. Sisi tuna habari ya kadi. Tulipoanza, wengi wetu tuliweka dole gumba tu kwenye daftari, na mwenzetu mmoja akakatwa mkopo ule ule mara mbili bila kujua. Kosa lilikuwa letu wote.

Watoto tulikuwa nao hapo hapo sokoni Kilombero. Tukakata maboksi ya sabuni, kadi hii herufi, hii picha. K na kuku, B na bata. Zinafunikwa, mtoto anafunua mbili. Zikipatana anachukua, zisipopatana anarudisha, zamu inapita. Q na X hatukuziweka, Kiswahili hakina. C tuliiandika CH, ya chai. Mmoja akapeleka picha ya ndizi kwenye M, eti ni mgomba. Tukampa, maana mchoro wetu nao!

Basi wakatushinda. "Bibi, hiyo siyo B, ni D!" Aibu ikatufanya tucheze nao usiku.

Leo wa dole gumba wamebaki watatu. Msione vibaya, mama zetu. Jumamosi baada ya kikao kadi zitakuwa mezani.