Mtoto si mchawi: tutafute wa kusema pamoja na wazazi

Hotuba kwa wazazi, viongozi wa makanisa na viongozi wa mitaa, Kivu



Pengine mnajiuliza: sisi tunaofanya kazi ya kupatanisha jamii, tumekuja kusema nini juu ya mtoto asiyesema? Tunajibu hivi: ugomvi mwingi tulioitwa kuupatanisha haukuanza na bunduki. Ulianza uani, siku mtu alipomnyooshea mtoto kidole akasema, "Huyu ndiye anayetuletea mikosi."

Miaka michache iliyopita tulimpokea mama mmoja na mtoto wake wa miaka 6. Mtoto hakusema neno. Ukimwita jina hakugeuka. Kutwa nzima alipanga vifuniko vya chupa kwa mstari, na ukivigusa alilia na kujigonga kichwa ukutani. Baba yake mdogo alipofiwa, ukoo ulikaa kikao. Chumba kimoja cha maombi kikasema mtoto ni mchawi, wakamfungisha siku tatu bila chakula.

Sisi tulikimbilia sheria. Tulimwendea mchungaji tukiwa na karatasi mkononi, tukamsomea kifungu na adhabu yake. Alinyamaza. Juma lilelile ukoo ukamfukuza mama na mtoto wake. Haki tulikuwa nayo, lakini ndani ya nyumba ile hatukuwa na mtu. Kosa hilo tunalikiri mbele yenu, ili nanyi msilirudie.

Tulianza upya kwa bibi, mama mzaa baba. Tulikaa naye jikoni mara nyingi, tukimsikiliza. Siku moja akasema, "Hata kaka yangu mkubwa alikuwa hivi. Hakuongea, lakini ng'ombe alizijua zote, akafa mzee. Hakuna aliyemwita mchawi." Neno hilo alilisema tena mbele ya ukoo, nesi na mwalimu wakiwa wamekaa kando yake. Mama na mtoto wakarudi nyumbani. Hadi leo mtoto hasemi. Lakini anaosha sahani yake mwenyewe, na anakaa darasani hadi saa nne.

Hali hii inaitwa usonji. Kwa Kifaransa wanasema otisimu. Ni namna ubongo unavyokua tangu mtoto angali tumboni. Haiambukizi. Haitokani na laana, chanjo, wala kosa la mama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nayo. Wako wanaosema vizuri na kusoma sana, wako wasiosema kabisa. Hakuna dawa ya kuiondoa, lakini mtoto akifundishwa mapema na kwa uvumilivu, anajifunza.

Vita vinawaumiza watoto hawa kwa namna ya pekee. Mapigano yalipofika Goma Januari 2025, kisha Bukavu Februari 2025, wazazi walilazimika kukimbia na watoto. Fikirini mtoto asiyevumilia kelele, asiyeitika jina lake, katikati ya umati. Wazazi, shoneni jina la mtoto na namba ya simu ndani ya shati lake. Tena mwonyesheni jirani wawili watatu, wamfahamu kabla ya siku mbaya.

Basi, mzazi atapata wapi wa kumtetea? Tumejifunza haya:

Kwanza, anzeni ndani ya ukoo. Tafuteni mmoja anayesikilizwa: bibi, shangazi, mjomba. Huyo afahamu hali ya mtoto kabla ya kikao, si siku ya kikao.

Pili, msiende peke yenu. Familia tatu zenye shida moja zikiingia kwa mkuu wa shule, anasimama kuwapokea. Mama mmoja akiingia, huambiwa arudi kesho.

Tatu, ombeni jambo moja linalowezekana: mtoto akae mbele, aje nusu siku, dada yake akae naye. Ombeni kwa barua, mkabaki na nakala yenye mhuri.

Nne, ijueni sheria, lakini muwe na hekima ya saa ya kuitumia. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi: kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini ya faranga 200.000 hadi 1.000.000. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 nayo inalinda haki za watu wenye ulemavu. Mtoto akipigwa, akinyimwa chakula au akifungwa kamba, msingoje kikao cha ukoo. Mtoeni hapo kwanza, mkatoe habari kwa wanaohusika na ulinzi wa mtoto.

Wachungaji wetu, hatukuja kuwazuia kuomba. Ombeni pamoja na mama huyo. Lakini Jumapili moja mtangaze mbele ya waamini wote kwamba mtoto huyu ni wetu. Tangazo lenu litafika pale ambapo karatasi yetu haikufika.

Mama yule sasa huwatembelea wenzake. Akifika hakimbilii kusema. Anakaa, anauliza jina la mtoto, kisha anauliza anapenda kucheza na nini. Tukianza kama yeye, tutakuwa tumeanza vizuri.