Kwani Mafuriko Nayo Yanasomewa?



Nilipokwenda Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kusomea mambo ya maafa, mzee mmoja hapa aliniuliza, "Kwani mafuriko nayo yanasomewa?" Tulicheka, lakini swali lilikuwa la maana.

Mvua ya Mlima Elgon na Cherang'any ndiyo hujaza Nzoia, na sisi wa Budalang'i hatuwezi kuizuia. Mwaka 2020 tuta lilipobomoka, maji yalikuwa yale yale kwa wote. Mbona mmoja alirudi kwake mapema na mwingine akabaki kambini? Basi chuoni tunafundishwa kuuliza: nani anaishi karibu na tuta, nani hana shamba lingine, mahindi yamewekwa wapi, nani hawezi kukimbia. Maji ni hatari. Hayo mengine ndiyo huyageuza kuwa maafa.

Kusema kweli, vitabu vingine vilinichosha. Nilichokipenda ni kuchora ramani ya kijiji pamoja na wenyeji. Leo nimeleta karatasi kubwa na kalamu. Tuanze na nyumba ya yule nyanya wa mwisho kule chini, asiyeona vizuri. Tuta likipasuka usiku, nani kati yetu atamwamsha?