Ukungu wa Julai na Pumzi ya Mtoto
Mwezi wa Julai huku Limuru na Kinangop ukungu hushuka, mawingu yakalala juu ya mashamba, na jua lisionekane siku kadhaa. Ndipo jiko la makaa huingizwa chumbani, dirisha likafungwa. Najua baridi ni kali, hata mimi vidole hufa ganzi. Lakini jiko hilo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Litoe nje kabla ya kulala, mtoto umvike nguo nzito.

Akikohoa, mfunue kifua, uhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifikisha 40, huenda ni nimonia; mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje asubuhi.