Lehemu ikishuka bila sababu, tuliulize ini



Mimi si daktari. Ni afisa habari wenu. Nimekuja kuzungumzia homa ya ini aina ya C na jambo moja linaloweza kutupotosha tusomapo majibu ya maabara.

Tumezoea kusikia kwamba lehemu nyingi katika damu huhatarisha moyo. Hivyo, mtu akiambiwa lehemu yake ni ndogo, hushukuru na kwenda zake. Lakini kama hakubadili chakula wala hakutumia dawa, afaa aulize: imeshushwa na nini?

Ini ndilo kiwanda kikuu cha lehemu mwilini. Huifungasha pamoja na mafuta na protini, kisha huisafirisha katika damu. Kirusi cha homa ya ini C, kilichotambuliwa mwaka 1989, hukiteka kiwanda hicho. Huzaliana kwa kutumia mafuta ya ini, kisha hutoka kikiwa kimejificha ndani ya vifurushi vilevile. Hapo lehemu ya damu hupungua, na mafuta hurundikana ndani ya ini. Karatasi ya majibu hupendeza, ilhali ini linaumia kimyakimya kwa miaka mingi, pengine hadi kufikia makovu au saratani.

Lehemu ndogo peke yake si ushahidi wa ugonjwa. Kipimo cha damu cha kirusi chenyewe ndicho kinachothibitisha.

Tiba ipo. Vidonge vya kisasa, kwa kawaida vya wiki 12, huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Baada ya kupona, lehemu huweza kupanda tena. Tusiilaumu dawa: ini limerudi kazini. Kipimo cha lehemu kirudiwe, na moyo nao uangaliwe.

Ugonjwa huu hupita katika damu: sindano za kuchangia, nyembe za chale, damu isiyopimwa. Kula pamoja au kupeana mikono hakuambukizi. Chanjo yake bado haijapatikana.

Aliyewahi kupitia hatari hizo, wakiwemo vijana waliojidunga dawa za kulevya, asizuiwe na aibu. Amwone daktari katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hapa Tumbi, au kituo kilicho karibu naye, aulizie kipimo. Nasi majirani tusimnyooshee kidole.